Tengeneza Mambo ya Nyumba Yako

Hotuba kwenye kongamano la akina mama, ukumbi wa kanisa, Buruburu, Nairobi

Bwana asifiwe, akina mama. Naona safu za nyuma hazijaamka. Bwana asifiwe tena.

Mama Mchungaji, wazee wa kanisa mlioketi pale mlangoni mkijifanya mmekuja kupanga viti, dada zangu, na nyinyi wasichana mlioletwa na mama zenu kwa ahadi ya pilau, nawasalimu nyote.

Mama Mchungaji aliponipigia simu alinipa kichwa cha kuzungumzia: "Kutoka Mautini Hadi Mafanikio." Nikamwambia, Mama, mimi ni fundi wa nguo, niruhusu nikipunguze. Kwanza, hayo mafanikio. Mwenye jengo la karakana yangu yumo humu ndani leo, na anajua kodi ya mwezi huu bado iko njiani. Pili, kichwa chenyewe kinasikika kana kwamba kuugua ndiko kulikonitajirisha. Sitaki binti yeyote atoke hapa akidhani hiyo ni njia.

Kwa hiyo nitasema langu mapema, ili mwenye haraka ajue la kubeba. Nilikaribia kufa, sikufa, na tangu wakati huo watu wema wa pande mbili wananivuta mikono. Wa upande huu wananiambia nimerudishwa ili niiache dunia. Wa upande ule wananiambia nimerudishwa ili niimiliki. Mimi sikurudi na ujumbe wowote mkononi. Nilirudi nikakuta cherehani zangu, binti yangu, madeni yangu na Mungu wangu, vyote pale pale nilipoviacha.

Ilikuwa Januari 2023. Wenye watoto mnaikumbuka. Gredi ya 7 ya kwanza ya mtaala mpya ilikuwa inaanza sekondari ya chini, na hadi dakika za mwisho wazazi hawakujua sare ingekuwa ipi. Shule hii inabakiza ileile ya msingi, shule ile inataka sketi ya rangi nyingine, ya tatu imeamua Jumatatu na kubadili Alhamisi. Kwa fundi wa sare, Januari ndiyo inayolisha Juni na Julai. Mafundi wangu walikuwa wanalala juu ya marobota ya vitambaa. Mimi nilikuwa mezani nakata tuniki.

Maumivu yalinishika tumbo, chini upande wa kulia, kwa mara moja. Kisha bega likaanza kuuma. Nikashangaa, nimebeba nini mimi? Nikaona kizunguzungu, nikashika meza. Mmoja wa mafundi, mama wa makamo ambaye huwa hasemi sana, akaja akanivuta kope ya chini, akatazama, akasema, "Mama, wewe huna damu." Hakungoja nitoe amri. Alisimamisha gari barabarani kwa mwili wake, na mwenye gari alipoanza kutaja bei, alimwambia neno ambalo siwezi kulirudia kanisani.

Ilikuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Ilitunga kwenye mrija, mrija ukapasuka. Sikuwa nimejua kama nina mimba. Hapa nitasimama kidogo, wazee mtanisamehe, maana kuna mama humu ndani ambaye hili litamfaa kuliko mahubiri yote ya leo. Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga mahali pasipofaa, na nyingi kati ya hizo huwa kwenye mrija. Mtoto hawezi kukua pale, na mrija hauna nafasi. Siku zako zikichelewa, ukaona matone ya damu, ukasikia maumivu upande mmoja wa tumbo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukisikia na bega linauma bila sababu, usingoje hata chai. Damu inayomwagika tumboni huchokoza kile kiwambo kilicho chini ya mapafu, na neva zake zinapeleka habari begani. Mimi nililaumu mkasi, kumbe tumbo lilikuwa linajaa damu.

Mwanamke mzima ana lita nne au tano za damu hivi. Daktari alimwambia mume wangu kwamba walikuta karibu lita mbili nje ya mishipa. Nilitiwa paini nne. Mrija ulitolewa. Niliamka usiku, koo limekauka, nikauliza oda ya Gredi ya 7 imefika wapi. Muuguzi akacheka hadi akaketi.

Nawaambieni hilo kwa sababu watu hutarajia niseme niliona nuru. Kuna walioona, siwapingi. Mimi niliamka na hesabu ya tuniki kichwani.

Sasa wageni. Mnajua wadi za kwetu saa ya kutembelea wagonjwa. Wa kwanza alikuwa mama yangu mkubwa kutoka kijijini, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Aliomba, akaomba sana, akamaliza akaniambia, "Mwanangu, Mungu amekugonga bega. Hiyo biashara imekuwa mungu wako. Rudi nyumbani ulee mtoto." Nilimpenda na bado nampenda. Lakini niliwaza, kama Mungu angetaka kunigonga bega kweli, hakuhitaji kunipasua mrija.

Wa pili alikuja wiki kadhaa baadaye, nimeshatoka. Mtumishi mmoja mwenye mikutano mikubwa ya uwanjani, simtaji. Amesikia habari zangu, anataka nipande jukwaani. Nitasimulia nilivyokufa nikarudi, nitaje na mapato ya Januari ile, maana kweli mafundi walimaliza ile oda, halafu watu wapande mbegu, yaani watoe sadaka. Alikuwa ameshapanga hadi nguo ya kuvaa. Nyeupe. Nikamwambia, Mtumishi, mimi sikufa, nilikaribia tu. Akasema hiyo ni lugha ya kutoamini.

Ukiwatazama kwa haraka utadhani wawili hawa wanapingana. Mimi naona wanakubaliana. Wote wanasema ugonjwa wangu ulikuwa barua, juu ya bahasha imeandikwa jina langu. Wanatofautiana tu juu ya kilichoandikwa ndani.

Nami nilishindwa kukubali kwa sababu ya kitanda cha jirani. Mwanamke aliyelala upande wa dirisha alikuwa na shida nyingine, ya baada ya kujifungua. Mama yake alipiga magoti pale sakafuni, kanga ameifunga kiunoni, akaomba maombi ambayo mimi na elimu yangu yote ya Biblia sijawahi kuomba. Alimtaja Mungu kwa majina ambayo sikujua kwamba anayo. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu na shuka limebadilishwa. Sasa niambieni. Nikipanda jukwaa lile na nguo nyeupe nikasema Mungu aliniponya kwa sababu ana mpango na biashara yangu, yule mama akiwa uwanjani pale katikati ya watu, atasikia nini? Atasikia kwamba kwa binti yake hakukuwa na mpango. Siwezi kusema hivyo. Namshukuru Mungu kwa uhai wangu asubuhi na jioni, lakini shukrani yangu siwezi kuifanya hukumu juu ya kitanda cha jirani.

Mnisamehe, nimekwenda kasi. Tufungue Biblia.

Wafalme wa Pili, sura ya 20. Nilikuwa nimelala chali nyumbani kwa sababu ya nyuzi, nikawa nasoma sura hii na kuirudia. Mfalme Hezekia anaumwa, ana jipu. Nabii Isaya anaingia, na neno la kwanza analompa mgonjwa ni hili: "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Hebu lisikieni. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi. Nabii hamwambii afunge siku tatu. Hamwambii avunje biashara ili aingie mbinguni akiwa mwepesi. Anamwambia apange mambo ya nyumba: nani atashika nini, nani anadaiwa, nani anadai, funguo ziko wapi. Mimi niliyefundishwa tangu Sande Skuli kwamba mambo ya nyumba ni ya dunia na kufa ni kwa roho, nilikaa nao mstari huo muda mrefu.

Hezekia akageukia ukuta, akalia. Isaya hajatoka hata ua wa kati, akarudishwa na habari nyingine: utapona, umeongezwa miaka 15. Mahubiri mengi hukatika hapo. Tunapiga vigelegele, tunapitisha vikapu, tunakwenda nyumbani. Lakini mstari wa 7 uko pale pale. Isaya akasema waleteni mkate wa tini, wakaleta, wakauweka juu ya jipu, akapona. Mungu ameshatoa ahadi kwa kinywa chake, na bado kuna mtumishi aliyetumwa kwenda kutafuta tini! Anayewaambia kwamba kumeza dawa ni kumvunjia Mungu heshima, mpelekeni mstari wa 7.

Na hiyo miaka 15 ilitumikaje? Wakaja wajumbe kutoka Babeli. Walisikia alikuwa mgonjwa, wamemletea barua na zawadi. Mgeni wa kukujulia hali sote tunajua anapewa nini: chai, na kama umejaliwa, andazi. Hezekia akawafungulia ghala. Fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani, nyumba ya silaha, hakubakiza kitu. Isaya akaja akamwuliza, wameona nini nyumbani mwako? Akajibu wameona vyote. Akaambiwa siku zinakuja, vyote hivyo vitachukuliwa hadi Babeli, na wanao pia. Mfalme akasema neno la Bwana ni jema, maana amani itakuwako siku zake. Yaani yeye amepona, watoto watajijua. Mwanawe Manase alipotawazwa alikuwa na miaka 12. Pigeni hesabu wenyewe: alizaliwa ndani ya ile nyongeza. Alitawala miaka 55, na maovu yake yameandikwa sura nzima.

Lakini sura ya 20 ina jambo jingine karibu na mwisho, mstari wa 20, kama mtu aliyekumbuka anataka kuondoka. Inasema Hezekia alitengeneza birika na mfereji, akaleta maji mjini. Handaki hilo lipo Yerusalemu hadi leo. Limechongwa ndani ya mwamba, urefu wake umezidi nusu kilomita, na wageni wanaotembelea hupita ndani wakikanyaga maji. Sisi wa Eastlands, ambao mfereji ukikauka tunamsubiri mwenye mkokoteni kuliko tunavyomsubiri mbunge, tunaweza kulithamini jambo hilo.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kosa la Hezekia lilikuwa kuwa na mali au kutaka makubwa. Mali alikuwa nayo kabla ya jipu, na kuleta maji mjini ni kutaka makubwa. Aliposhikwa ni pale alipowatembeza wageni ghalani. Alipona, kisha akaanza kujionyesha. Ndilo lililonifanya nilikatae lile jukwaa, hata kabla sijafika kwenye suala la nguo nyeupe.

Nikaenda mbele, nikatafuta waliorudi kweli, wale ambao si kwamba walikaribia tu. Binti wa Yairo, miaka 12. Ameinuka, watu wamepigwa na butwaa, na Yesu anasema nini? Apewe chakula. Lazaro, tukikutana naye tena, yuko mezani anakula. Hakuna anayemwuliza alichokiona kule. Na yule ambaye mimi humwita dada yangu, Dorkasi wa Yafa, Matendo sura ya 9. Alikufa, akaoshwa, akalazwa orofani. Petro alipofika, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha nini? Kanzu na nguo alizokuwa akizishona. Mimi kama fundi niliwaona wajane wale wakigeuza mapindo, wakionyesha jinsi mshono ulivyofichwa. Petro akapiga magoti, akaomba, akamwita, mama akaketi. Halafu? Hatuambiwi kwamba aliacha sindano akawa nabii. Petro aliwaita wale wajane akawakabidhi mtu wao, na wao walikuwa bado na haja ya nguo.

Aprili ya mwaka ule ule, kidonda changu kikiwa bado kinawasha, tukaanza kusikia habari za Shakahola, kule Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule. Watu waliofundishwa kwamba shule ni ya dunia, hospitali ni ya dunia, mwishowe na chakula kikawa cha dunia. Nilizima televisheni, nikaenda jikoni nikampikia binti yangu chapati siku ambayo haikuwa sikukuu. Tangu hapo, mtu akianza kuniambia niiache dunia nimpate Mungu, namwuliza kwanza anaanzia wapi na atakomea wapi.

Haya. Msije mkadhani kwamba nimemaliza mvutano. Upo, na uko mahali ambapo wengi wenu hamkudhani.

Si Jumapili. Jumapili tulishaimaliza: karakana inafungwa, hata Januari, na mwalimu mkuu akilalamika namwambia mafundi wangu si betri. Si fungu la kumi. Ni tenda.

Mnajua serikali ilitenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo upo tangu 2013, na ni mzuri. Sisi tulijiandikisha, tukapata cheti, tukaanza kuomba kazi. Nataka kazi hizo. Naitaka tenda ya sare, naitaka ya maovaroli, naitaka ya mapazia ya hospitali, na sioni haya kusema nazitaka. Nina mafundi 9, na wanne kati yao ndio wanaolipa kodi ya nyumba kwao. Kuna kijana mmoja aliyekuja hajui kutia uzi, sasa anaendesha ovaloki kwa namna ambayo hata mimi nasimama nimtazame. Nikipata kazi kubwa moja ya kudumu, naongeza cherehani sita. Hiyo ndiyo tamaa yangu, iko hivyo, ina rasiti.

Basi baada ya kupona tuliomba kazi mahali fulani, tukafika karibu na mwisho. Simu ikaja. Sauti ya heshima, inaniita "madam". Inasema mambo ni mazuri, imebaki ile asilimia 10 ya kurahisisha. Hapa ndipo mnangoja niseme nilimkemea shetani. Nilinyamaza. Nikasema nitapiga simu. Nikaenda nikaketi juu ya robota la kitambaa cha kijivu, nikaanza kupiga hesabu, na hesabu ilikubali. Hata baada ya asilimia 10, faida ilikuwepo.

Mimi niliyetoka kaburini juzi! Ningedhani mtu aliyepita pale nilipopita haoni tena ugumu wa vitu kama hivyo. Si kweli. Kukaribia kufa hakukunifanya mtakatifu, kulinifanya niwe na kovu. Nilikataa, ndiyo, lakini si kwa sababu sauti ilinijia. Nilikataa kwa sababu hesabu nyingine ilinijia: nani atashika daftari nikifa, na atasoma nini kwenye huo mstari. Binti yangu atakuta "kurahisisha" na tarakimu, aniulize nani? Tenda ikaenda kwingine. Mkisema nilipata amani ipitayo fahamu zote, nitawasahihisha. Nilipata hasira, na kila ninapopita karibu na ofisi ile hasira inanisalimia. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia Mungu atalipa mara dufu. Hajalipa bado. Sikukataa kwa ajili ya malipo, nami simdai.

Kwa hiyo lile neno la Isaya nimelifanya kazi. Tengeneza mambo ya nyumba yako. Nitawaambia nilichofanya, mtaona wenyewe kinachowafaa.

Nimeandika wosia. Jamani, msinitazame hivyo, wosia hauiti kifo. Sheria yetu ya urithi, iliyoanza kufanya kazi Julai 1981, inataka wosia wa maandishi uwe na sahihi ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe ndio wanaorithi. Wosia wa mdomo nao upo, mbele ya mashahidi wawili, lakini unasimama tu iwapo mwenye kuusema atafariki ndani ya miezi mitatu. Ukisema leo na ukaishi hadi mwakani, maneno yale yamekwisha. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kumwita dada kando kwenye harusi na kumnong'oneza, "Nikienda, cherehani kubwa ni ya fulani," haimsaidii mtu.

Nilipomaliza, mama mkwe wangu alikasirika. Alisema nawaza kifo badala ya kuwaza Mungu. Nikamweleza habari za Hezekia. Akasema Hezekia alikuwa mfalme, ana vitu. Wiki mbili baadaye akanipigia, "Yule wakili wako, anachukua pesa ngapi?"

Nimeandika daftari la madeni, ninayodai na ninayodaiwa, hata yale ya chama na yale ya kwenye simu. Nilipoona kwa karatasi ninavyokopa usiku kulipa nilichokopa mchana, nililia kuliko nilivyolia wadini. Nimemfundisha yule mama wa makamo, yule aliyesimamisha gari, kufungua karakana, kupokea oda, kukataa oda. Sasa karakana inaweza kukaa wiki bila mimi. Nilidhani nitafurahi, kumbe mara ya kwanza ilinichoma. Mtu hupenda kuhitajika. Hilo ni la kumpelekea Mungu pia, na nalipeleka. Bima ya afya nimelipa, mimi na mume wangu, na mafundi wote wamo.

Na sala zangu zimebadilika. Zamani niliomba kama mtu anayetoa oda. Sasa kabla ya kufungua mlango wa karakana nasimama nje na ufunguo mkononi, nasema asante kwa siku, nipe kazi, nipe akili ya kuikataa kazi mbaya. Basi. Siku nyingine naongeza habari za yule mama wa kitanda cha dirishani, kwamba amfariji. Majirani wa jengo walidhani kufuli limekwama, wakawa wanakuja kunisaidia.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililonileta kwa kweli, hata kama Mama Mchungaji alidhani ni lile la kichwa.

Paini nne nilizotiwa sizijui zilitoka kwa nani. Lakini Kenya yetu inajulikana: kwa miaka mingi, wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Ndiyo maana shule zikifunga Desemba, benki za damu hupungukiwa, na mimi niliugua wakati ambao likizo ilikuwa haijapoa. Huenda ndani yangu mna damu ya kijana ambaye sweta lake nililishona. Huenda pia si hivyo, huenda ni ya polisi wa Kasarani au mhubiri wa basini. Aliyetoa hakuuliza kama nitaitumia kwa Mungu au kwa biashara. Alinyoosha mkono, akanywa soda, akaenda zake.

Watu wengi wananiuliza nifanye nini kumlipa Mungu. Mungu sina cha kumlipa. Lakini zile paini nne zina hesabu, na damu haitengenezwi kiwandani. Mimi mwenyewe kwa muda nilikatazwa kutoa, mwili ulikuwa bado unajijaza. Sasa naruhusiwa. Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na awe mzima. Anatoa kama mililita 450. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Nimeomba kanisa lituruhusu kuwaalika watu wa damu ukumbini humu mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefunga, na baraza la wazee limekubali. Baraza limekubali kwa maneno. Naomba wale wazee watatu wa pale mlangoni, wasiokuwa na shida ya kilo 50, wawe wa kwanza kitandani.

Na kwa wale mnaotaka kujua kama nimeacha tenda: hapana. Ijumaa nimepeleka makaratasi mahali pengine. Maovaroli 600, rangi ya buluu, mifuko minne, zipu ya chuma. Nimeweka bei ambayo naweza kuieleza kwa sauti mbele ya yeyote. Nikipata, nitahitaji mafundi wengine sita kuanzia mwezi ujao, na wasichana mlioletwa kwa pilau, wale mnaojua kushona au mnaotaka kujua, mje mniandikishie majina kabla hamjaenda kula. Sitaki vyeti. Njooni na kipande mlichoshona wenyewe.

Wakili aliyenisaidia na wosia amekuja, ndiye yule mwenye kilemba cha kijani karibu na dirisha. Maswali yake ni bure hadi saa nane mchana. Baada ya hapo anatoza, na mama mkwe wangu atawaambia ni ngapi.